Wafu Wasiohesabiwa

Liko swali moja ambalo serikali za Kenya, tangu ile ya Mzee Kenyatta hadi ya leo, hazijapenda kulisikia, na hasa zisingependa kulisikia likitoka kinywani mwa mtu wa Isiolo. Swali lenyewe ni hili: ni watu wangapi waliokufa? Si swali la uasi. Haliombi siri za silaha wala ramani za kambi. Mchungaji wa Merti hujiuliza swali la namna hiyo kila jioni anaporudisha mifugo zizini, na akikosa mbuzi mmoja halali. Lakini mheshimiwa mwenye gari la serikali na bendera mbele, akiulizwa swali hilo hilo juu ya binadamu, hukunja uso na kumwita muulizaji mchochezi.

Ndugu wananchi, tumeamua kuliuliza tena, na kuliuliza kwa jina la mambo matatu ambayo kwa kawaida hujadiliwa mbalimbali: vita, uhuru wa kusema katika mitandao, na haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao. Wanaotaka tuyajadili mbalimbali wana sababu yao. Jambo la vita likikaa peke yake huwa ni la majenerali. La mitandao huwa ni la vijana wasio na adabu. La vyama vya wafanyakazi huwa ni la mishahara. Yakiwekwa pamoja yanakuwa ni jambo la nani anayeruhusiwa kuhesabu.

Tuanze nyumbani. Tarehe 28 Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi huko Modogashe pamoja na Haji Galma Dida, chifu wa Moyale. Twaanza na vifo hivyo kwa makusudi, asije mtu akasema tunahesabu wafu wa upande mmoja. Jina la Wabera liko kwenye kata ya mji wetu na kwenye barabara mojawapo katikati ya Nairobi, na ni haki yake. Waliomuua walikuwa wakipigania Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ijiunge na Somalia. Naye alikuwa akiwashauri watu wake wabaki Kenya.

Bendera mpya haikuwa imemaliza mwezi mmoja juu ya mlingoti wakati serikali ilipotangaza hali ya hatari katika eneo letu, Desemba 1963. Vita vilivyofuata viliitwa vita vya shifta, na jina hilo lilifanya kazi kubwa kuliko bunduki. Shifta maana yake jambazi, na anayekufa akiwa jambazi haandikiwi maiti yake. Raia wa Garba Tulla, Merti na Modogashe walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi wa askari, wakakatazwa kwenda malishoni, na mifugo yao ikafa kwa njaa na maradhi au ikapigwa risasi. Wazee wa Kiborana huuita wakati huo daaba, yaani wakati wa kuzuiliwa. Watu waliokuwa na ngamia wengi walitoka huko wakiwa vibarua na wapokeaji wa chakula cha msaada. Umaskini wa Isiolo, ambao kila mtaalamu anayeshuka hapa na gari lake jeupe huueleza kwa ukame, sehemu yake kubwa ina tarehe na ina mwajiri.

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji asimame kidogo. Sheria ya nchi yetu, katika vifungu vya 386 na 387 vya Kanuni za Mwenendo wa Jinai, ilitaka kila kifo cha kutilia shaka, na kila kifo cha mtu aliye mikononi mwa polisi, kifanyiwe uchunguzi. Kwa kanuni za usalama zilizotungwa mwaka 1966, vifungu hivyo viliondolewa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Yaani mtu akiuawa Nyeri, hakimu alipaswa kuuliza ameuawaje. Akiuawa Garba Tulla, hakimu hakupaswa kuuliza. Serikali haikukosea katika hesabu. Ilitunga sheria ya kuzuia hesabu isifanywe.

Vita vilimalizwa rasmi kwa mapatano ya Arusha, Oktoba 1967. Mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, iliyowalinda watumishi wa serikali na wanajeshi wasishtakiwe kwa yale waliyoyatenda katika sehemu hizo hizo kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, mradi iwe walitenda kwa nia njema au kwa ajili ya usalama. Sheria hiyo haikusema kwamba hakuna aliyeuawa. Ilikiri, kwa lugha ya wanasheria, kwamba waliuawa watu, kisha ikafunga mlango. Kanuni za 1966 zenyewe ziliishi robo karne. Zilifutwa Novemba 1991. Mwezi uliofuata Bunge likafuta kifungu cha 2A cha Katiba na vyama vingi vikarudi. Wenzetu wa Nairobi wanaposimulia ukombozi wa pili husimulia habari ya Desemba. Sisi husimulia ya Novemba kwanza, kwa kuwa mtu huomba kwanza haki ya kufa kama raia, kisha ndipo aombe chama cha kupigia kura.

Katikati ya muda huo kulikuwa na Wagalla, Wajir, Februari 1984. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Wenyeji walitaja maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, haikuikubali ile 57. Hatutasema zaidi juu ya Wagalla katika makala haya. Walio Wajir wameisema vizuri kuliko sisi, na wameisema miaka mingi bila kusikilizwa.

Sasa twende El Adde. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, na ni baadaye ndipo Bunge lilipoombwa kibali cha kuyaingiza katika AMISOM. Alfajiri ya 15 Januari 2016 wapiganaji wa Al-Shabaab waliivamia kambi yetu huko El Adde, katika eneo la Gedo, na kuwaua vijana wa Kenya kwa wingi. Serikali haikutoa idadi. Haikuitoa siku hiyo, wala mwezi huo, wala mwaka huo. Februari 2016 Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitamka katika mahojiano ya televisheni kwamba waliokufa walikaribia 200. Nairobi ikakanusha, bila kutaja idadi iliyo sahihi. Mei mwaka huo CNN ikataja 141. Basi mwananchi wa Kenya, anayelipa ushuru ulionunua buti na risasi za vijana hao, alihabarishwa juu ya wanawe na rais wa nchi jirani na kituo cha televisheni cha Marekani.

Mji wa Isiolo ni mji wa wanajeshi. Tuna chuo cha kufundishia askari wa miguu, tuna kikosi cha vifaru, na kwa kweli hata asili ya mji wenyewe imechanganyika na askari, maana Waingereza waliwapa makao hapa Wasomali waliowatumikia katika vita vya kwanza vya dunia. Askari ni wateja katika maduka yetu na majirani katika misikiti na makanisa yetu. Hatulichukii jeshi. Anayetuambia kwamba kuuliza idadi ya waliokufa ni kulichukia jeshi hajapata kuketi na mke wa askari anayesubiri simu.

Ni nani basi aliyeadhibiwa kwa El Adde? Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati ule, marehemu Joseph Nkaissery, alitangaza kwamba watakaosambaza picha za askari waliouawa watakamatwa na kuhesabiwa kuwa ni wenye kuwaunga mkono Al-Shabaab. Tarehe 23 Januari 2016 mwandishi wa habari Yassin Juma, aliyekuwa ameandika katika mitandao habari za shambulio lile, akakamatwa Nairobi. Silaha iliyotumiwa dhidi yake ilikuwa kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichofanya kuwa hatia kutumia vibaya kifaa cha mawasiliano. Vibaya ni vipi? Kifungu hakikusema. Ndiyo maana Jaji Mumbi Ngugi, katika kesi iliyoletwa na Geoffrey Andare, alikifuta tarehe 19 Aprili 2016, kwa kuwa hakuna raia awezaye kujua mpaka wake uko wapi. Mwaka mmoja kabla, 23 Februari 2015, majaji watano walikuwa wamefuta vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa kwa fujo na maji ya kumwagiana ndani ya Bunge Desemba 2014, vikiwamo vya kuwabana waandishi wa habari za ugaidi.

Mtu angedhani mambo yameishia hapo. Hayakuisha. Tarehe 16 Mei 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao, na ndani yake, kifungu cha 22 na cha 23, kukawa na hatia ya kuchapisha habari za uongo: faini ya hadi shilingi milioni 5, na kifungo cha hadi miaka miwili katika kimoja na hadi miaka kumi katika kingine. Siku kumi na tatu baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26 vya sheria hiyo kwa ombi la chama cha wanablogu. Februari 2020 mahakama hiyo hiyo, kwa jaji mwingine, ikavihalalisha. Oktoba 2025 Rais Ruto akatia sahihi marekebisho ya kuipanua, na baada ya siku saba tu Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu vipya. Ukiangalia mwendo huu utaona kwamba si sheria moja inayopigwa vita. Ni nia moja inayobadilisha kanzu.

Twauliza jambo moja la akili ya kawaida. Katika vita ambavyo serikali imekataa kutoa idadi, uongo ni upi? Akisema mtu kwamba wamekufa 100, ni uongo. Akisema 150, ni uongo. Akisema 200, ni uongo na uchochezi juu yake. Idadi yoyote itakayotajwa na raia ni ya uongo, kwa sababu ile ya kweli imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ndiye mshtaki. Hiyo si sheria dhidi ya uongo. Ni kodi inayotozwa kila mtu anayekataa kunyamaza.

Katiba yetu ya 2010, ambayo watu wamekufa kwa ajili yake, inajua kutofautisha. Kifungu cha 33 kinatoa uhuru wa kusema na kinataja mipaka yake: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki. Tazama lililo la kwanza katika orodha. Kinachokatazwa ni kupigia vita debe. Kutoa habari za vita hakukatazwi. Mawaziri wetu wameligeuza jambo hilo juu chini: apigaye debe hupewa kipaza sauti, na atoaye habari hupelekwa kwenye karandinga.

Na tusidhani kwamba haya ni ya Somalia tu. Tarehe 7 Juni 2025 Albert Ojwang, kijana mwalimu, alikamatwa Homa Bay kwa maandishi ya mtandaoni yaliyomhusu naibu wa Inspekta Jenerali wa polisi, akasafirishwa mamia ya kilomita hadi kituo cha polisi cha Central, Nairobi, na kufikia asubuhi ya pili alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliochunguza maiti wakasema majeraha yale ni ya kupigwa na kukabwa shingo. Siku nne baada ya kukamatwa kwake Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti na kulazimika kuikana taarifa ya watu wake mwenyewe. Sisi wa Isiolo tuliitazama siku ile kwa macho yetu ya peke yetu. Kilichoushinda uongo wa polisi si hotuba ya mwanasiasa yeyote; ni uchunguzi wa maiti, ule ule tuliokatazwa sisi kwa robo karne. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kilio chenyewe chahitaji daktari wa kuandika na mtu wa kupasha habari.

Tuje kwa vyama vya wafanyakazi, maana wako watakaosema tumepotea njia. Kaskazini ya Kenya ilikuwa jela ya wafanyakazi kabla haijawa uwanja wa vita. Makhan Singh, baba wa vyama vya wafanyakazi nchini, alitamka hadharani Nairobi mwaka 1950 kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili. Mwezi uliofuata akakamatwa, akawekwa Lokitaung, baadaye Maralal na Dol Dol, hadi Oktoba 1961. Mkoloni alijua jambo ambalo warithi wake walijifunza upesi: mfanyakazi aliyejiunga na wenzake ana daftari. Ndani ya daftari kuna majina, tarehe, mishahara, ajali na vifo. Daftari hilo ni la hatari kuliko panga.

Ndiyo sababu mwaka 1965 vyama vilivyokuwa vikishindana vilivunjwa na COTU ikaundwa, na katibu mkuu wake akawa mteule wa Rais kutoka majina matatu aliyopelekewa. Ndiyo sababu mwaka 1980 Rais Moi alikipiga marufuku chama cha watumishi wa serikali, kikakaa kaburini hadi 2001. Ndiyo sababu, hata baada ya vyama vingi vya siasa kuruhusiwa, wahadhiri waliogoma 1993 na madaktari waliogoma 1994 walinyimwa usajili wa vyama vyao. Wahadhiri waliupata 2003, madaktari 2011. Twawakumbusha vijana jambo hili kwa kuwa wengi wao huambiwa kwamba vyama vingi vilikuja mwaka 1991 vikamaliza kazi. Serikali iliyokubali upinzani Bungeni iliendelea kuuogopa hospitalini. Na haijapona woga huo: Februari 2017 viongozi saba wa chama cha madaktari walifungwa jela kwa kutositisha mgomo uliodai utekelezaji wa mkataba ambao serikali yenyewe ilikuwa imeutia sahihi, na Februari 2024 katibu mkuu wao, Davji Atellah, alipigwa kichwani kwa mkebe wa gesi ya machozi akiwa katika maandamano ya amani.

Mambo ya vita na ya vyama yalikutana kwetu huku kwa uchungu. Tarehe 22 Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawaua abiria 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. KNUT na KUPPET ziliwashauri wanachama wasirudi mpaka walindwe, na walimu wakapiga kambi mbele ya makao ya mwajiri wao Nairobi wakidai kuhamishwa. Hatutaficha kwamba wengi huku hatukufurahi. Madarasa ya kaskazini yalibaki na watoto bila mwalimu, na walioadhibiwa na Al-Shabaab wakaadhibiwa mara ya pili na ubao mtupu. Uchungu huo haujatutoka, na vyama vile vilipaswa kusimama nasi kudai ulinzi wa shule nzima, na si tiketi ya basi tu. Lakini neno moja la haki lazima tuliseme. Walimu waliokufa walikuwa na mtu wa kuwahesabu. Chama kilijua majina yao na kikasimama mbele ya mwajiri kikidai fidia na maelezo. Askari wa El Adde hakuwa na chama.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Askari ni mfanyakazi. Analipwa mshahara, ana mwajiri, ana mahali pa kazi, ana watoto wanaosubiri karo. Fundi wa mjengo akiangukiwa na ukuta hapa Bulapesa akafa, sheria za mwaka 2007 juu ya usalama kazini na fidia za ajali zinamtaka mwajiri aarifu wakuu ndani ya saa 24, na familia ilipwe. Sheria ya fidia inawahusu watumishi wa serikali pia, isipokuwa majeshi. Nacho kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu sheria iwapunguzie wanajeshi na polisi haki kadhaa, ikiwamo haki ya kuunda vyama, kukusanyika na kugoma. Sawa. Hakuna anayetaka kikosi kigome katikati ya mapigano. Lakini someni orodha hiyo ya haki zinazoweza kupunguzwa, waheshimiwa, mtaona kwamba uhuru wa kusema haumo. Waliotunga Katiba walimnyima askari chama. Hawakumnyima raia haki ya kumsemea.

Basi kwa kuwa askari hawezi kujiunga na wenzake kuuliza, ni nani atakayeuliza kwa niaba yake kama si wale walio na ruhusa ya kujiunga? Tunawaambia walimu, wauguzi, madaktari na watumishi wa kaunti wa Isiolo: jambo hili liko katika ajenda yenu hata kama halimo katika mkataba wenu. Msingoje tawi la taifa. Vyama vilivyojifungia ndani ya hesabu ya posho ya nyumba vimejitia wenyewe ndani ya zizi alilolijenga Moi.

Na ushahidi upo kwamba mtandao na chama, vikikutana, vina nguvu. Julai 2024 mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Ufaransa, Nelson Amenya, aliweka hadharani mtandaoni nyaraka za mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30. Serikali ilikuwa imeuficha mpango huo. Tarehe 11 Septemba chama cha wafanyakazi wa ndege kiligoma na uwanja ukasimama. Novemba 21 Rais akatangaza Bungeni kwamba mpango umefutwa. Wako watakaosema kilichomshtua ni mashtaka aliyofunguliwa Gautam Adani Marekani siku moja kabla, na hatubishi kwamba yalichangia. Lakini Marekani isingekuta jambo la kuvunjwa Nairobi kama kijana yule na wabeba mizigo wale wasingekuwa wamelizuia lisitiwe sahihi kimya kimya.

Wapinzani wetu wana hoja mbili, na tutazijibu kwa heshima. Ya kwanza ni kwamba idadi humsaidia adui. Adui gani? Aliyevamia El Adde alikuwapo. Alipiga picha na kutengeneza filamu. Idadi anayo; asiyekuwa nayo ni mama wa Eldoret. Uingereza, ambayo askari wake wamefanya mazoezi kwa miongo mingi hapa jirani Archer's Post, hutangaza jina la kila askari wake anayeuawa vitani, baada ya familia kuarifiwa, na hatujasikia kwamba jeshi lake limesambaratika. (Wachungaji waliolipuliwa na mabomu yaliyoachwa katika viwanja hivyo hawakutangazwa na mtu, mpaka walipokwenda kwa mawakili na Uingereza ikakubali mwaka 2002 kulipa fidia.)

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba picha za maiti mitandaoni ni ukatili kwa jamaa za marehemu. Tunakubali. Hakuna mila ya Kiborana, ya Kimeru, ya Kisomali, ya Kiturkana wala ya Kisamburu inayoruhusu maiti ya mtu ipitishwe mkono hadi mkono kama karata. Lakini picha zile zilienea kwa sababu taarifa haikuwapo. Mahali pasipo na tangazo, watu hutafuta nyuso. Serikali inayotaka picha zikome itoe majina.

Ugonjwa huu umeshavuka bahari. Polisi wetu wa kwanza walitua Haiti tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile vijana walipoingia Bunge na wengine wakauawa barabarani, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeamua Januari mwaka huo kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kuwapeleka polisi nje ya nchi. Familia ya afisa mmoja aliyetoweka huko Machi 2025 ilikaa miezi bila jibu kamili.

Kifungu cha 240 cha Katiba kinalitaka Baraza hilo lilipelekee Bunge taarifa ya usalama wa nchi kila mwaka. Tunawataka wabunge wetu na seneta wetu, waliokuja hapa na kofia za vyama mbalimbali kutuomba kura, wadai kwamba taarifa hiyo iwe na ukurasa mmoja wa majina: kila askari na kila polisi aliyekufa kazini mwaka huo, mahali na tarehe. Waanze na El Adde. Wafuate na Kulbiyow, 27 Januari 2017, ambako jeshi lilisema limepoteza tisa na Al-Shabaab wakadai zaidi ya hamsini. Kisha warudi nyuma hadi Sheria ya Kinga ya 1970, waifute, na wafungue majalada ya vijiji vya Garba Tulla, Merti na Modogashe wakati bado wako hai wazee wanaoweza kutaja nani alizikwa wapi.

Orodha ikishasomwa Bungeni ipigwe chapa kwa Kiswahili, Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru, na nakala moja ibandikwe nje ya ofisi ya kila chifu wa kaunti hii, pale pale panapobandikwa matangazo ya kodi.